Nyigu wa mchangani na mizinga yangu saba mitupu

Mi nafuga nyuki huku Sikonge, kusini mwa Tabora mjini, sio yule mfugaji mkubwa wa kupigwa picha na wageni, nina mizinga 22 tu. Tisa ni ya magogo niliyoachiwa na marehemu baba, imening'inia kwenye miti huko porini upande wa kwenda Ipole, na 13 ni ya kisasa, ile ya viunzi vya juu, nimeipata mmoja mmoja kila nikiuza asali nikaipanga kwenye manzuki yangu, yaani pale ninapofugia nyuki, nyuma ya shamba. Hii ninayoisimulia ilinikuta misimu miwili iliyopita na mpaka leo nikipishana na jirani yangu njiani kuna kaaibu flani kananishika.

Mwezi wa sita nililina, na nililina kwelikweli. Bei ilikuwa nzuri, ada ya mtoto inasubiri, nikasema mwaka huu siachi sega. Hilo liweke pembeni kwanza.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa nikaanza kuona mizinga inapoa. Wewe mfugaji mwenzangu unajua, mzinga wenye nyuki una mlio wake, ukiweka sikio unasikia kama jiko la mchina linavyounguruma kwa mbali, sasa huu kimya. Wa kwanza nikasema bahati mbaya. Wa pili nikaguna. Ulipofika wa tano usingizi ukakata, na ukiniuliza wakati ule nani mchawi nilikuwa na jina tayari. Jirani yangu analima tumbaku kama nusu ya watu wa huku, na kipindi hicho ndio cha vitalu, kila jioni namwona ana bomba mgongoni anapulizia miche, upepo unatoka kwake unakuja kwangu, sasa hapo mtu unahitaji kusoma wapi? Nikamfuata asubuhi sijanywa hata chai.

"Mzee, dawa yako inanimalizia nyuki."

Akaniangalia, akaweka ndoo chini taratibu. "Kijana, umekuja na salamu au umekuja na kesi?"

Aisee nilitakiwa niishie hapo, niseme mwangaluka kama mtu aliyelelewa, lakini nilikuwa nimeshapanda. Nikaongea, akaongea, wake zetu wakatoka, tukaishia kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akasikiliza wote akasema hawezi kuamua kitu kwa maneno matupu, akaniambia nenda kalete ushahidi. Basi ndio nikawa nashinda manzuki, simu mkononi, nangoja kupiga picha ya nyuki wanaokufa.

Siku ya kwanza sikuona maiti hata moja. Niliona kitu kingine.

Niwaambie kwanza manzuki yangu ilivyo. Udongo wetu pale ni mchanga mchanga, na mi kwa kuogopa siafu na moto wa porini nilikuwa nimefyeka na kufagia chini ya stendi zote na kuzunguka, peupe kabisa, mke wangu alikuwa ananitania kwamba naifagia manzuki kuliko ninavyofagia uwanja wa nyumbani. Sasa pale kwenye mchanga mweupe upande wa jua nikaona vilima vidogo vidogo vya mchanga kama mtu amemwaga kibaba hapa na kibaba pale, na kando ya kila kilima tundu. Nikahesabu 14. Nikiwa bado nashangaa akaja mdudu kwa juu, anaruka kwa uzito, tumbo la njano lenye michirizi myeusi, kichwa kikubwa, na chini yake amekumbatia kitu. Akatua kwenye tundu. Nikainama, kitu alichokumbatia ni nyuki wangu! Tumbo kwa tumbo, kichwa kinaangalia mbele, kama abiria wa bodaboda. Akaingia naye ndani, kimya.

Baada ya muda akaja mwingine. Halafu mwingine.

Hapo kichwani kesi ikabadilika mshtakiwa. Sikwenda kumuomba jirani radhi, la, nilisema hawa watakuwa wanasaidiana tu na ile dawa. Nikaenda dukani nikanunua dizeli lita mbili.

Kabla ya kumwaga nikasema ngoja nichimbe tundu moja nione ndani. Nilidhani ni kina cha kiganja. Nikachimba na jembe, nikaacha jembe nikatumia mkono, njia inaingia kwa mshazari inazidi kwenda, mpaka nimelala kifudifudi mkono umeingia wote. Baadaye nimesoma kwamba njia yake inaweza kufika mita moja, na huyo ni mdudu mwenye urefu wa sentimita moja na nusu hivi, hebu fikiria mtu achimbe kisima cha namna hiyo kwa mikono. Mwishoni njia inagawanyika kuna vyumba, vya ukubwa wa zabibu kubwa tuseme, na kwenye chumba cha kwanza nikakuta nyuki watatu wamelala chali, wasafi, mabawa yako sawasawa. Nikajua wamekufa. Nikampulizia mmoja vumbi, akatikisa mguu. Jamani nilishtuka nikamtupa. Hawakuwa wamekufa, walikuwa hai hawawezi kusogea, na juu ya mmoja kimelala kiyai cheupe chembamba kimepinda kidogo. Chumba cha pili kulikuwa na funza mweupe mnene katikati ya miguu na mabawa matupu, ameshakula kilichobaki ni maganda. Cha tatu kimefungwa, ndani kuna kitu cha kahawia kama kichupa kidogo kimesimama kwenye shingo yake.

Nikasema wallahi leo nimepata adui. Nikamwaga dizeli tundu tatu zilizokuwa karibu na mzinga namba nne, dizeli ikaisha kwa sababu mchanga unakunywa, nikasema kesho naleta nyingine. Wiki haikuisha mzinga namba nne nao ukawa mtupu. Harufu ya dizeli mita moja kutoka mlangoni kwao, wewe ungekaa? Huo ukawa wa saba.

Sasa kulikuwa na mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko chuo cha nyuki pale Tabora mjini, akaja likizo fupi. Nikampeleka nikiwa na hasira namwonyesha. Yule kijana badala ya kunionea huruma akapiga magoti kwenye mchanga akafurahi kama ameona mjomba wake mwingine. "Mjomba! Huyu ni Philanthus! Sijawahi kumwona mlangoni kwake!"

Nikamuuliza unamfurahia mwizi?

Akanieleza na mengine nikaja kuyasoma mwenyewe kwenye simu usiku. Philanthus ni jenasi nzima ya nyigu, spishi zaidi ya 130 duniani, jina lenyewe ni la Kigiriki lina maana ya mpenda maua, kwa sababu hao wakubwa wenyewe hawali nyama kabisa, wanakunywa maji matamu ya maua tu, nyama ni chakula cha watoto. Wajerumani wanamwita mbwa mwitu wa nyuki, nadhani Wajerumani walimwona sawasawa. Spishi nyingi zinawinda nyuki wa aina aina wale wanaoishi peke yao, ila huyu mmoja, Philanthus triangulum, anayepatikana Ulaya mpaka Afrika, yeye kachagua nyuki wa asali peke yake. Wale wadogo wasiouma hana habari nao. Na haishi kwa kundi kama manyigu ya kwenye dari, kila jike ana tundu lake, anachimba mwenyewe, anawinda mwenyewe, jirani yupo mita moja na hawasaidiani kitu (kama mimi na jirani yangu, nikafikiri, lakini sikusema).

Tukakaa siku mbili tunamwangalia. Nikajifunza anavyowinda. Anazunguka kwenye maua, akiona kitu cha ukubwa wa nyuki anasimama hewani kwa upande wa chini wa upepo, ananusa, akithibitisha ni nyuki wa asali anamrukia, wanaanguka wote chini, anampinda na kumchoma chini ya kifua pale karibu na miguu ya mbele, sekunde chache nyuki ameshalegea. Sumu yenyewe inafunga misuli haiui, wanasayansi waliichambua miaka ya 1980 wakaipa jina la filanthotoksini. Halafu, na hapa ndio nilibaki mdomo wazi, kabla ya kumbeba anamkumbatia anamkamua tumbo, tone la asali mbichi linamtoka nyuki mdomoni, nyigu anairamba mpaka limekwisha. Anakamua tena. Anaramba tena. Mpwa wangu akacheka akasema "mjomba, mwenzako huyo, naye mrina asali." Mi sikucheka sana.

Na wale wadogo waliokuwa wanakaa kwenye majani nikidhani ni walinzi, kumbe ni madume, hayajui hata kuchimba, yanapaka harufu kwenye majani yanangoja majike. Mpwa akalikamata moja kwa mkono, halina mwiba. Hata jike hana shida na mtu, nimelala kifudifudi pale juu ya matundu siku mbili hakuna aliyenigusa, labda umbane mkononi.

Kilichonigusa kuliko vyote ni habari ya ukungu. Nyuki watatu waliolegea kwenye chumba chenye joto na unyevu chini ya ardhi, kwa akili ya kawaida si wangeoza kwa siku mbili? Sisi huku mahindi tu ukiyafunga na unyevu yanaota ukungu. Kumbe huyu jike kila nyuki anamlamba mwili mzima anampaka mafuta ya kwake mwenyewe ili matone ya maji yasimshike. Yai lake nalo linatoa hewa, naitriki oksaidi, inaua ukungu humo chumbani, hiyo ilitangazwa 2019. Na kwenye zile antena zake ana vifuko vya bakteria, akimaliza chumba anakamua uji mweupe anaupaka kwenye dari, mtoto akishakula akishiba anauchukua ule uji anausokota ndani ya uzi wa kile kichupa chake cha kahawia, na hao bakteria wanatengeneza dawa zinazozuia ukungu muda wote anaolala humo, kule Ulaya ni mpaka miezi tisa kwa sababu ya baridi yao. Hilo waligundua 2005. Bakteria wenyewe ni ukoo wa Streptomyces. Nikamwambia mpwa hilo jina nalijua. Marehemu baba aliugua TB mi nikiwa darasa la tatu, alikuwa anapelekwa zahanati kwa baiskeli kuchomwa sindano za streptomaisini, makalio yakawa yanamuuma hawezi kukaa anasimama tu kwenye kibaraza, lakini alipona akaishi akatundika hii mizinga ya magogo. Dawa hiyo ilitokana na huo huo ukoo wa bakteria, ilipatikana 1943. Nyigu alikuwa nayo ya kwake siku zote. Nikakumbuka kile kichupa nilichokiponda na kisigino baada ya kuchimba.

Lakini tusisahau mizinga saba.

Mpwa akasema haya mjomba tupige hesabu. Nyigu mmoja siku yake nzuri anaweza kuleta hadi nyuki kumi. Watoto wa kiume anawawekea wachache, mmoja wawili, wa kike wanaowekewa wengi ni mpaka wanne watano. Tuseme matundu yako 14 yote yana wenyewe hodari, ni nyuki 140 kwa siku, na hao si wa kwako tu, ni wa pori zima hili. Mzinga mmoja mzuri una nyuki elfu ishirini na kuendelea na malkia akiwa na chakula anataga zaidi ya mayai elfu moja kwa siku. "Sasa mjomba wamemalizaje mizinga saba?" Akaongeza kwamba sehemu nyingine ni balaa kweli, Misri huko kwenye oasisi za jangwani wafugaji wanapambana naye kabisa, kule maua ni machache, mchanga ni mwingi, na nyigu wanakuwa wengi mno. Lakini 14 Sikonge? Nikabaki natafuna kijiti.

Aliyemaliza kesi hakuwa mpwa, alikuwa babu mmoja mrina asali wa zamani, alilina na baba, macho yamekwenda kidogo lakini masikio yapo. Nilimfuata na yale maelezo yote, tumbaku, nyigu, bakteria, akanisikiliza mpaka mwisho akauliza swali moja.

"Mlangoni ulikuta maiti?"

"Hapana babu."

"Ndani?"

"Hapana."

"Masega?"

"Makavu. Hamna kitu."

"Nyuki wa sumu anafia mlangoni, unawazoa kwa koleo. Nyuki wa kuliwa mmoja mmoja anabaki malkia na kikundi. Wa kwako ni nyumba ya mtu aliyehama, amebeba mpaka sufuria." Akanyamaza kidogo. "Mwezi wa sita uliwaachia nini?"

Sikujibu. Nilikuwa nimekata mpaka masega yenye majana, wale watoto wa nyuki, nikayakamua pamoja. Nyuki wetu hawa wa Kiafrika ndivyo walivyo, ukiwaudhi au njaa ikiwabana hawakai kuhurumiana na wewe, wanapanda hewani wanaondoka, na mi niliwaachia kiangazi kizima, mwezi wa saba, wa nane, wa tisa, hakuna asali ndani, hakuna maji karibu kwa sababu kisima nilikifunika, na chini nimefagia peupe jua linapiga mchanga, mchanga unapiga mizinga. Huo mchanga peupe wenye jua ndio hasa huyo nyigu anautafuta kuchimba. Kwa hiyo hata yeye nilimwita mwenyewe kwa ufagio.

Niliyoyabadilisha ni machache sitawachosha. Sasa kila mzinga naacha karibu theluthi ya masega, ya majana siyagusi. Nimeweka karai za maji zenye vijiti vya kutulia. Siafu nawazuia kwa oili chafu kwenye miguu ya stendi, nyasi fupi nimeziacha ziote, na mzinga namba nne nimeuhamisha. Kule kwenye kona ya mchanga nimeacha kipande kama cha kitanda kwa ajili ya hao wachimbaji, msimu uliofuata nilihesabu matundu sita. Kuna na wengine pale nimewaona, wa jamii ya karibu yao, wanabeba nzi badala ya nyuki, mpwa anasema ndugu zao wa namna hiyo wanakamata mpaka ndorobo, hao mi nawakaribisha hata na chai.

Na watoto wamepata mchezo. Mpwa alituonyesha jaribio la Mholanzi mmoja, Niko Tinbergen, ambaye miaka ya kuanzia 1929 alikaa kwenye mchanga kule kwao Hulshorst akiwaangalia hawa hawa triangulum kama sisi tulivyokaa, akaja kupata tuzo ya Nobel 1973. Swali lake lilikuwa dogo: mdudu anaruka mbali huko, akirudi anajuaje tundu lake kati ya matundu yote? Akapanga duara la matunda makavu ya msonobari kuzunguka tundu nyigu akiwa ndani. Nyigu akatoka, akazunguka zunguka juu akaondoka. Yule bwana akalihamisha duara pembeni kidogo, nyigu kurudi na nyuki wake akatua katikati ya duara, anatafuta mlango haupo, na tundu lake liko wazi palepale jirani!

Sisi msonobari hatuna, Tabora tuna kokwa za embe mpaka za kutupa. Watoto wakapanga kokwa kumi na mbili, tukangoja juani, nyigu akatoka, akapiga mizunguko yake akienda anapanua mpaka akapotea. Wakazihamisha kokwa hatua moja. Karibu robo saa wote kimya, kitu ambacho kwa watoto wangu sijawahi kukiona hata kanisani. Akarudi na abiria wake. Akashuka katikati ya kokwa. Akatafuta, akapanda juu, akashuka tena palepale, watoto wakapiga kelele mpaka jirani akachungulia kupitia ua wa miti.

Nikaona hapa sasa hapakwepeki. Kesho yake nikachukua asali lita moja, nikaenda, safari hii nikaanza na mwangaluka na nikainama kabisa. Nikamwambia mzee nilikukosea, dawa yako haikuhusika, nilikusingizia mpaka mbele ya balozi. Akaniacha nimalize yote hata kunisaidia neno hakunisaidia. Halafu akamwita mkewe alete kijiko, akaonja, akafumba macho.

"Tamu. Umeilina lini?"

"Mwezi wa sita, mzee."

"Aah." Akafunika chupa vizuri akaiweka chini ya kiti chake. "Kumbe ndio yenyewe hii iliyowahamisha."

Akacheka mpaka akakohoa, mkewe naye akaanza, mi nikasimama pale na kofia mkononi sijui nicheke au niage.